Matone ya Upenuni

Mvua ikinyesha Sedgeby, watu wenye akili zao hukimbilia ndani. Hawise, mke wa Wymond mwezekaji, alikuwa akitoka nje. Alijitupia mtandio wa sufu kichwani, akavuka njia ya ng'ombe, akaingia uwanja wa kanisa la Mtakatifu Botolfu na kwenda kusimama upande wa kaskazini, ule wenye kivuli ambako hakuna aliyependa kuzikwa. Hapo aliangalia matone yakidondoka kutoka kwenye upenu wa matete, moja baada ya jingine, yakipiga ardhi palepale yalipopiga mwaka jana na mwaka juzi. Kisha alirudi kwake kupika uji wa shayiri, amelowa chepechepe, na mumewe hakumuuliza kitu.

Kijiji kilimwona, na kijiji kilinyamaza. Sedgeby ni mahali ambapo watu husema kila kitu isipokuwa kile ambacho kila mtu anakijua.

Chini ya matone yale alilala mwanawe. Alimzaa majira ya baridi, mtoto wa kike mwenye midomo ya buluu, akalia mara moja tu kwa kisauti chembamba, na Custance mkunga akajua hapana muda wa kumwita padre. Sheria ya Kanisa inamruhusu hata mkunga kumbatiza mtoto anayekata roho, mradi awe na maji na maneno. Maneno Custance alikuwa nayo. Alinyakua gudulia lililokuwa kando ya meko, akammiminia mtoto kichwani, akamwita Sibeli, akamaliza kila kitu kama ipasavyo kabla roho haijatoka. Ndipo harufu ikawafikia. Ilikuwa pombe. Hawise alikuwa mpika pombe hodari kuliko wote pande zile, na nyumbani mwake gudulia la maji ndilo lililokuwa la kutafuta.

Padre Piers aliisikiliza habari ile huku machozi yakimtoka, maana alikuwa mtu mwema, lakini alisema pombe si maji. Mtoto hakubatizwa. Hawezi kuzikwa pamoja na Wakristo. Huko alikokwenda hatateswa, ila hatamwona Mungu, wala mama yake hatamwona yeye, hata mama huyo akifa mtakatifu. Mlango utakuwa kati yao milele.

Basi Wymond akafanya kile walichofanya wazee waliopatwa na msiba kama huo. Alikwenda alfajiri na jembe, akamlaza mtoto chini ya upenu wa kanisa, pale ambapo yeye mwezekaji alijua kuwa maji hudondoka zaidi. Wazee waliamini kwamba maji yaliyopita juu ya paa la nyumba ya Mungu si maji matupu tena. Yakimdondokea mtoto miaka nenda miaka rudi, huenda Mungu akayahesabu kuwa ubatizo. Hakuna padre aliyefundisha hivyo, na hakuna mama aliyehitaji kufundishwa. Haba na haba hujaza kibaba, Hawise alijiambia, na kila mvua ilipokuja alikwenda kutazama kibaba kikijaa.

Balaa lililetwa na wivu. Majirani wao wa Marlham, waliotajirika kwa sufu, walilijenga upya kanisa lao: kuta ndefu, madirisha mapana ya vioo, na paa la mabati mazito ya madini ya risasi. Tangu hapo watu wa Sedgeby hawakuweza kwenda sokoni kwa amani.

"Haya, wa kiota cha matete hao wamefika!" wauza samaki wa Marlham walipiga kelele. "Jamani, mwaka huu mmetaga mangapi?"

Kanisa la Sedgeby lilikuwa zuri kwa namna yake, atakayebisha na abishe. Lilikuwa na kuta nene za mawe ya gumegume, vidirisha vyembamba vilivyoingiza mwanga kwa ubahili, na tao la mviringo juu ya mlango, lenye michongo ya meno iliyolika kwa mvua za karne nyingi. Ndani mlikuwa na giza tulivu lililonuka nta na sufu mbichi. Lakini mtu aliyechekwa sokoni haoni uzuri wa kitu chake. Watu wa Sedgeby, ambao hawajawahi kupatana juu ya jambo lolote tangu Tauni Kuu, safari hii walipatana: na sisi tujenge.

Fedha zilitafutwa kwa pombe ya kanisa, kama ilivyo desturi. Wanawake hupika, kijiji kizima hunywa na kucheza uwanjani, na kinacholipwa huenda kwenye jengo. Hawise alipika kuliko wenzake wote. Majira mawili ya joto mikono yake haikukauka shayiri, naye Custance alisimama juu ya pipa akiwahimiza wanywaji.

"Kunyweni, jamani, msimwonee Mungu haya! Kila mtu akienda kukojoa, jiwe moja linapanda!"

Hawise alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa na furaha yake ya siri. Paa jipya, kubwa, jema: Sibeli angepata maji bora kuliko ya watoto wote wa pande zile.

Mafundi walifika, mkubwa wao akiwa Thurstan mwashi, mtu mpana mwenye vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi. Wymond akapewa kazi ya kuyavua matete ya zamani, yaani kuibomoa kazi yake mwenyewe na ya marehemu baba yake. Aliifanya kimyakimya, tita baada ya tita. Siku moja Hawise aliwapelekea pombe kwenye kiunzi, akamkuta mumewe akiongea na mwashi.

"Sasa fundi, upenu wa paa jipya utatokeza kiasi gani?"

"Upenu?" Thurstan aliguna. "Upenu wa nini, mzee wangu? Unafikiri tunajenga banda la kuku? Ukuta unapanda hadi unalipita paa na kulificha. Nyuma yake tunalaza mfereji wa risasi. Maji yote yanakusanywa humo, yanatolewa kwa midomo ya mawe, yanatupwa mbali kule. Ukuta wenu utakaa mkavu mpaka siku ya kiyama. Hata tone halitaugusa."

Hawise alikuwa akimmiminia. Pombe ilijaa kikombe, ikafurika, ikamtiririkia mwashi mkononi na kushuka hadi kwenye kiwiko.

"Mama, yatosha! Mama!"

Jioni aliketi mbele ya moto bila kuukoka.

"Ulijua?" alimuuliza mumewe.

"Nimeezeka matete maisha yangu yote, mke wangu. Mambo ya risasi nitayajulia wapi?"

"Pombe yangu ilimnyima maji siku ya kwanza," alisema Hawise, "na sasa nimepika pombe nyingine nimnyime na haya ya upenuni. Kwa mikono hii, Wymond. Huku nacheka."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, naye Wymond alikuwa mzazi pia, ila yeye uchungu wake ulikaa kimya kama mbwa mzee. Alisogea tu akaketi karibu na mkewe.

Kesho yake Hawise alikwenda kwa Padre Piers, akamkuta kwenye bustani yake ya kabichi.

"Padre, naomba upande wa kaskazini waache upenu. Kipande tu."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Unajua kwa nini."

Padre aliangalia huku na huku, kisha akamsogelea. "Hawise, nisikilize vizuri. Pale hapana mtu. Umenielewa? Miaka yote hii napita pale na kusema moyoni, hapana mtu. Siku nitakayosema yupo, itanibidi nimfukue nikamfukie njia panda, nje ya ardhi takatifu. Nakuomba, usinilazimishe nimwone."

Hiyo ndiyo huruma aliyokuwa nayo, na alimpa yote. Hawise alimbusu mkono akaondoka.

Akabaki Thurstan. Hawise alimkuta chini ya kibanda chake akichonga, akasimama mpaka mwashi alipochoka kujifanya hamwoni.

"Sema, mama. Kama ni habari ya pombe ya jana, nimeshasamehe. Sijaoga kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe."

"Ile midomo ya mawe, fundi, mnaiweka wapi?"

"Panapofaa."

"Naomba mmoja uwe pale." Alionyesha kwa kidole.

Thurstan aliangalia, akatikisa kichwa. "Pale hapafai. Pale maji yatapiga chini karibu mno na msingi. Pana nini pale?"

"Mwanangu."

Mwashi aliweka tindo chini. Alikuwa mtu wa kuzunguka vijiji, na makanisa aliyoyagusa yalikuwa mengi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Mama, nikwambie ukweli wa kazi," alisema kwa sauti nyingine. "Tone la upenu ni tone. Mdomo wa jiwe ni kitu kingine. Nusu ya maji ya paa lile yatatokea pale kwa mkupuo mmoja. Yatachimba."

"Amenyimwa maji tangu alipozaliwa. Mpe mengi."

"Basi nitaweka bamba la jiwe chini, liyapokee."

"Usiweke! Jiwe litamkinga. Nataka yamfikie."

Thurstan alijaribu tena, na tena akakatazwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku hiyo Hawise hakuwa na sikio, alikuwa na mtoto tu. Mwishowe mwashi aliokota tindo yake. "Haya. Nitampa mdomo wa simba," alisema.

Simba mwenyewe hakuwahi kumwona. Mnyama aliyetoka mkononi mwake alikuwa na masikio ya ng'ombe, manyoya ya kondoo dume na mdomo wazi wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Siku alipopandishwa ukutani kijiji kizima kilikusanyika, na Custance akapaza sauti, "Jamani, si Wymond huyo, asubuhi baada ya sikukuu!" Hata Wymond alicheka. Hawise alimtazama mnyama yule kwa mapenzi, akiona kwamba mdomo wake ulielekea mahali penyewe.

Mabati ya risasi yalilazwa, na baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli waashi wakarudi makwao, kwa kuwa chokaa haijengwi kwenye baridi. Kazi iliyobaki ilikuwa kibaraza cha mlangoni, upande wa kusini. Kuta zake zilikuwa zimefika kifuani mwa mtu: uso wa mawe nje, uso wa mawe ndani, na katikati nafasi iliyojazwa vifusi vitupu, ikingoja chokaa. Wymond alilipwa kuzifunika kwa majani makavu na samadi ili barafu isizipasue. Ndiyo kazi pekee ya kuezeka aliyobakiziwa kwenye kanisa lile.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja asubuhi, kutoka baharini, na upepo wake. Hawise alikimbia bila mtandio. Aliposimama mbele ya ukuta wa kaskazini, mdomo wa simba ulikuwa umeanza kutoa uzi mwembamba wa maji, yakidondoka palepale.

"Kunywa, mwanangu," alisema, na alilia kwa furaha. "Kunywa, ni yako."

Kisha mfereji ukajaa. Maji yalitoka kama yaliyosukumwa, mazito, yakipiga ardhi kwa kishindo. Majani yalinyofoka kwanza, halafu udongo ukageuka uji. Shimo likaonekana, likapanuka. Hawise alijaribu kuyazuia kwa mgongo wake, akaangushwa. Akayazuia kwa mikono, yakapita kando. Na katika yale matope akaona kitu alichodhani ni mzizi, cheupe, chembamba kama kidole, halafu kingine.

Sauti aliyoitoa ilisikika hadi kwa Custance. Mkunga alikuja mbio na miguu yake mibovu, na Wymond nyuma yake. Walipiga magoti wote watatu kwenye matope, wakaokota, na Hawise akakusanya kila kitu kwenye aproni yake. Ulikuwa mzigo gani? Mtu angeweza kuufumba katika viganja viwili.

Custance alinyanyua pembe za ile aproni mpaka chini ya maji ya simba. Kabla ya kufungua mdomo kusema, alikinga kiganja, akaonja.

"Ni maji," alisema. "Safari hii ni maji, dada. Nimeonja."

"Sema basi."

"Dada, maneno haya ni ya walio hai. Nawe unajua."

"Najua. Sema."

Custance akayasema, yote, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na alipofika kwenye jina Sibeli sauti ilimkatika, Wymond akamalizia. Hakuna hata mmoja wao aliyeamini kwamba ilisaidia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

"Padre atakuja kuangalia kama paa linavuja," Wymond alisema. "Atakuja sasa hivi. Akimwona..."

Hawise alikunja aproni. Hapakuwa na mahali. Chini ya upenu hapakuwa na upenu tena, na kila kaburi la Sedgeby lilikuwa na wenyewe. Wymond aligeuka akaangalia upande wa kusini, kwenye kuta zake alizozifunika yeye mwenyewe, na Hawise akaelewa. Alikwenda huko akikimbia. Wymond aliinua majani na samadi, akachimbua vifusi kwa vidole katikati ya nyuso mbili za mawe, na mama akamlaza binti yake humo, ndani ya ukuta wa kanisa. Wakamfunika.

Padre Piers aliwakuta wamerudi kaskazini, wamesimama mbele ya shimo, wamejaa matope hadi usoni. Aliinama akalitazama shimo lile.

"Pana nini hapa?" aliuliza polepole.

"Hapana mtu, Padre," Hawise alisema. Na sasa ilikuwa kweli.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Hawise hakwenda tena kwenye mvua, maana hapakuwa na cha kutazama. Alilala na kuamka na hofu moja, kwamba Thurstan angerudi, angefunua ukuta, angeona, angesema. Kwa nini asiseme? Mwashi alimwonya, naye hakusikia.

Waashi walirudi siku za kupanda shayiri. Hawise alipeleka pombe mapema kuliko ilivyotakiwa, akasimama na gudulia mkononi wakati Thurstan anavua majani kwenye ukuta wa kibaraza kwa uma wa samadi. Mwashi aliondoa tabaka la kwanza, la pili, akasimama. Kona ya aproni ilikuwa imejitokeza kati ya vifusi, imeoza nusu, lakini mishono ya mwanamke ilionekana. Nyuma yake mafundi wake walikuwa wakitaniana na kunoa tindo. Thurstan aliinua macho, akamwona Hawise amelikumbatia gudulia.

Alivua kofia yake, kana kwamba joto limemshika. Kisha akafoka bila kugeuka, "Chokaa! Mnangoja nini hapo, wavivu nyinyi? Leteni chokaa, na ukuta huu asiuguse mtu. Huu ni wangu."

Alimimina kwa mkono wake mwenyewe, chokaa laini kwanza, halafu mawe madogo madogo, moja moja. Alipomaliza alikunywa pombe yote iliyokuwa guduliani, akamrudishia mama gudulia tupu.

Kibaraza kilikamilika. Watu wa Marlham walikuja kukiona na wakakosa la kusema, jambo lililowafurahisha watu wa Sedgeby kuliko kanisa lenyewe. Kilikuwa na paa la risasi lisilovuja, sakafu ya mawe, na mabenchi pande zote mbili. Ni hapo ambapo wazazi husimama na mtoto wao mchanga, maana asiyebatizwa haingii kanisani hivi hivi. Padre hutoka hadi mlangoni, anauliza maswali, anamtia mtoto chumvi mdomoni, na baada ya hapo ndipo mtoto anapochukuliwa ndani kwenye birika la maji.

Mtoto wa kwanza kuletwa hapo alikuwa mjukuu wa msaga nafaka. Ilikuwa siku ya mvua na baridi, na kibaraza kilijaa watu. Hawise alisimama nyuma yao wote, kiganja chake kimelala kwenye ukuta. Maji yalisikika juu yake yakikimbia kwenye risasi, yakienda kutupwa mbali. Ukuta chini ya kiganja ulikuwa mkavu kabisa.

"Mtoto huyu," aliuliza Padre Piers, kama anavyotakiwa kuuliza, "amebatizwa nyumbani?"

Custance ndiye aliyembeba. Aligeuka kwanza akamtafuta Hawise kwa macho. Watu walianza kutazamana.

"Hapana, Padre," alisema hatimaye. "Huyu hapana."

Padre alimtia mtoto chumvi, mtoto akalia kwa nguvu zake zote, watu wakacheka kwa furaha kwa jinsi alivyokuwa na mapafu. Wakaanza kuingia ndani, kundi zima, wakipangusa miguu. Custance alibaki nyuma kidogo na mzigo wake mikononi.

"Njoo ndani, Mama Sibeli," alisema kwa sauti ya chini. "Baridi hii itakuua."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Hawise alifumba macho, na kiganja chake hakikuondoka ukutani.

"Nikiingia," alisema, "yeye atabaki na nani?"

Ndani walikuwa wakimwita mkunga, maji yalikuwa tayari. Custance alingoja kidogo, kisha akaingia na yule mtoto wa watu, na mtu mmoja akarudisha mlango kwa ajili ya upepo.